Nimepima kila kitu niko sawa, mbona bado natoa harufu?

SWALI: Dokta shikamoo. Naomba usitaje jina langu tafadhali. Mimi ni msichana wa miaka 27, nina tatizo la kutoa harufu mwilini na nimehangaika nalo mpaka nimechoka. Naoga asubuhi, naoga usiku, na mchana nikipata nafasi naoga, nimesugua ndimu, nikaambiwa bekingi soda nayo nikapaka, deodoranti nimebadilisha mpaka sijui ipi nimebakiza, lakini wapi. Kazini nikikaa tu mtu anafungua dirisha, kwenye gari mtu anashika pua. Mimi mwenyewe sisikii kitu na hilo ndo linaniumiza zaidi. Aliyeniambia ukweli ni dada yangu peke yake, anasema siku zingine hamna kitu kabisa alafu siku zingine nanuka shombo, tena sio kwapa tu, mwili mzima. Nimepima damu, sukari, figo, ini, tezi ya shingo, kote naambiwa niko sawa, daktari mmoja akaniambia niache mawazo. Nimeacha nyama, vitunguu saumu na viungo vyote, siku hizi nakula mayai, maharage na maini ya kuongeza damu, lakini naona kama ndo imezidi, hasa nikikaribia siku zangu. Kipimo gani nimekosa na nile nini?
Ni mimi, Niliyejitenga na Watu

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Barua za harufu napata nyingi na wengi wanaandika kwa aibu kama wamefanya kosa, wakati mwili kutoa harufu ni kazi ya tezi, bakteria na ini, haina uhusiano na tabia ya mtu wala uchafu wake. Mtu anayeoga mara tatu kwa siku tatizo lake sio maji.

Tuanze na hilo la kupima kila kitu. Hujapima kila kitu, umepima vile vinavyopimwa kwa kawaida, na vilikuwa na sababu zake. Sukari inapimwa kwa sababu kisukari kikichachamaa pumzi inanukia kama matunda yaliyoiva sana. Figo zikishindwa kazi mtu ananuka kama mkojo, ini likichoka sana pumzi nayo inabadilika, na tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi jasho linakuwa jingi na jasho jingi linawapa bakteria wa ngozi mazingira wanayoyapenda. Kwa hiyo majibu yako yamefuta hayo, ni habari njema na usiyatupe hayo makaratasi. Ila hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoweza kuonyesha kile ninachokifikiria nikisoma neno shombo kwenye barua yako.

Kuna hali inaitwa trimethilaminuria. Iliandikwa kitaalamu kama ugonjwa mwaka 1970 na jeni inayohusika ikajulikana mwaka 1997, kwa hiyo daktari kutoifikiria haraka sio ajabu, ni ya nadra na wengi hawajawahi kukutana nayo. Inavyokuwa ni hivi, ukila chakula chenye koline au karnitine, yaani virutubisho vilivyomo kwenye vyakula kama mayai, maini na nyama, bakteria wa utumboni wanaimega na kutoa kitu kinaitwa trimethilamini, na hiyo ndo harufu yenyewe ya samaki aliyeanza kuharibika. Inaingia kwenye damu inafika kwenye ini, pale kuna kimeng'enya kinaitwa FMO3 ambacho kinaigeuza kuwa kitu kisicho na harufu, unakikojoa, yameisha. Sasa kimeng'enya kikiwa dhaifu ile trimethilamini inapita kama ilivyo na inatafuta pa kutokea, kwenye jasho, kwenye pumzi, kwenye mkojo, kwenye majimaji ya ukeni, ndo maana dada yako anasema ni mwili mzima na sio kwapa. Na ndo maana inakuja na kuondoka, kwa sababu inategemea ulikula nini jana na ini lako limeelemewa kiasi gani. Kwa wanawake inajulikana kuzidi siku chache kabla ya hedhi na wakati wa hedhi yenyewe, wengine wanaiona wakitumia vidonge vya uzazi wa mpango au wanapokaribia kukoma hedhi.

Sisemi unayo. Nasema inafanana na ulichoandika na inapimika.

Alafu angalia mlo wako. Umeacha nyama na vitunguu ukakimbilia mayai, maharage na maini. Yai moja kubwa lina koline karibu miligramu 150 na karibu yote iko kwenye kiini, maini ndo usiseme, kipande cha kushiba kinaweza kukupa zaidi ya mara mbili ya hapo, na maharage nayo yanaongezea. Mwanamke mzima anahitaji kama miligramu 425 kwa siku, wewe huenda unaipita hiyo kabla ya jua kuzama. Kama ini lako lina huo udhaifu basi ulikuwa unalimwagia kazi kila siku ukidhani unalipumzisha. Wala sikulaumu, ushauri wa kuacha nyama na viungo unatolewa kwa kila mtu mwenye harufu bila hata kuulizwa harufu yenyewe ikoje. Vitunguu saumu kweli vinatoka na pumzi na jasho lakini vinanuka vitunguu saumu, havinuki shombo.

Lakini subiri, usiyaache hayo mayai leo. Najua ndo unataka kufanya hivyo ukimaliza kusoma hapa, na hapo ndipo wengi wanaharibu. Kipimo cha trimethilaminuria kinafanywa kwenye mkojo, wanaangalia uwiano kati ya trimethilamini yenyewe na ile iliyokwisha geuzwa, ambayo inaitwa oksidi ya trimethilamini. Kwa mtu wa kawaida zaidi ya asilimia 90 inatoka ikiwa imegeuzwa. Ukienda kupima baada ya wiki mbili za kula wali mweupe na matunda, mkojo wako unaweza kuonekana safi kabisa kwa sababu hakukuwa na kitu cha kugeuza, unaambiwa huna, unarudi nyumbani, unarudi kwenye mayai, harufu inarudi na safari hii huna pa kwenda. Pima kwanza ukiwa unakula kama kawaida yako, mlo utabadilisha baadaye. Maabara nyingine zinakupa kabisa maelekezo ya kula mlo wenye koline nyingi au samaki wa baharini kabla ya kutoa mkojo ili ini lijaribiwe kweli kweli, fuata yao. Na kwa vile wanawake wengine inawapanda wakati wa hedhi tu kisha inashuka, sampuli inayotegemewa zaidi ni ya nje ya siku za hedhi, ila unaweza kuomba utoe mbili, moja siku ya kawaida na moja siku dada yako amesema leo ipo.

Kingine kinachoharibu hiki kipimo ni sampuli yenyewe. Trimethilamini inapaa hewani upesi, mkojo ukiachwa kwenye kaunta mpaka jioni unapima kilichobaki. Unatakiwa utiwe asidi kidogo na ugandishwe mapema mpaka ufike maabara inayopima. Kwa hiyo kabla hujatoa hata senti uliza swali moja tu mapokezi, mnapima uwiano wa trimethilamini na oksidi yake, na mnaisafirishaje sampuli? Wakikuangalia tu bila jibu jua hapo sio mahali pake, mwombe daktari wako akuandikie rufaa kwa daktari wa magonjwa ya kurithi au wa magonjwa ya kimetaboliki, yaani ya namna mwili unavyogeuza chakula. Hawa ndo wanaweza kuagiza na kipimo cha jeni ya FMO3 kama mkojo utaonyesha kitu. Na usishangae kwamba nyumbani kwenu hakuna mwingine, hali hii kwa kawaida inamtokea aliyepata jeni yenye kasoro kutoka kwa baba na kwa mama, na wao wenyewe wanaweza wasiwe na dalili yoyote.

Kabla ya hayo yote lakini, kuna kitu cha karibu zaidi na cha kawaida mno ambacho hujakitaja kwenye orodha yako. Umepimwa ukeni? Bakteria wa ukeni wakivurugika, ile hali inaitwa vajinosisi ya bakteria, harufu yake nayo ni ya shombo, inazidi baada ya tendo la ndoa na karibu na hedhi, na inatengenezwa na hiyohiyo trimethilamini. Inampata mwanamke yeyote, inapimwa kwa kuchukua majimaji kidogo, inatibiwa kwa antibayotiki ya kuandikiwa, mara nyingi metronidazole. Maambukizi ya njia ya mkojo nayo yanaweza kuleta harufu na tena yanavuruga kile kipimo cha mkojo nilichokwambia. Hivi viwili vianze, ni rahisi na vinapatikana karibu kila mahali. Na kusafisha ukeni kwa sabuni au ndimu usifanye, unawaua wale bakteria wanaokulinda na tatizo linazaliwa upya.

Sasa hili la madirisha na watu kushika pua nalisema taratibu, unielewe vizuri. Pua ya mtu inazoea harufu yake, kutojisikia mwenyewe hakuthibitishi lolote, upande wowote. Lakini mtu kufungua dirisha nako hakuthibitishi, watu wanafungua madirisha kwa sababu ya joto, wanashika pua kwa mafua. Shahidi wako ni dada, na dada ametoa ushahidi mzuri kwa sababu amesema siku zingine hamna kitu. Mtumie vizuri. Usimuulize kila saa nanuka nanuka, atachoka au ataanza kukuonea huruma. Mkubaliane yeye mwenyewe aandike kwenye daftari lake kila siku asubuhi na jioni, ipo au haipo, sehemu gani, inanuka nini, bila kukuonyesha mpaka mwezi uishe. Wewe kwako andika ulichokula na siku za hedhi. Mkiyaweka pamoja hayo madaftari mawili kuna mambo mtayaona ambayo hakuna daktari wa dakika kumi anaweza kuyaona. Ukipata mtu wa pili mwenye pua na mdomo mkweli ni bora zaidi.

Nimelisema hili pia kwa wasomaji wengine, maana wapo wanaoniandikia kwamba wananuka na hakuna hata mmoja, mume, mama, daktari, aliyewahi kusikia hiyo harufu, na wao wanaisoma kwenye kila kikohozi cha mtu njiani. Hiyo nayo ni hali inayotambulika, Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye mwongozo wake wa magonjwa, ICD-11, na inatibika kwa mazungumzo na dawa kwa mtaalamu wa afya ya akili. Mateso yake ni ya kweli kabisa. Ila kumwambia mtu aache mawazo kabla hujampima, kama ulivyofanyiwa wewe, sio matibabu ya kitu chochote.

Haya, tuseme umepima na imeonekana ipo. Chakula hapo ndo kinakuja. Vya kupunguza ni kiini cha yai, maini, figo na viungo vya ndani kwa ujumla, maharage, njegere, soya na karanga, na samaki wa baharini pamoja na ngisi, pweza, kamba na kaa kwa sababu hao wanakuja na ile oksidi ya trimethilamini ndani yao na bakteria wa utumboni wanairudisha kuwa shombo. Samaki wa maji baridi hawana shida hiyo kwa kiasi kikubwa, hapo watu wengi wanafurahi. Kabeji, brokoli na koliflawa nazo zinapunguzwa, sababu yake ni tofauti, zina vitu vinavyoizuia FMO3 yenyewe kufanya kazi. Nimesema kupunguza, sijasema kufuta vyote kwa pamoja. Koline mwili unaihitaji, ini linaihitaji, ubongo wa mtoto tumboni unaihitaji sana, kwa hiyo ukiwa mjamzito au unanyonyesha huu mlo haukuhusu bila mtaalamu kukusimamia, mahitaji yako yanakuwa yamepanda. Hata usipokuwa mjamzito kaa na mtu wa lishe, kwa sababu ukiondoa mayai, maharage, maini na samaki kwa mpigo ukumbuke nyama ulishaiacha, sasa protini na hiyo damu unayotaka kuongeza utavitoa wapi? Kuku na nyama ya kawaida kwa kiasi mara nyingi vinarudi kwenye sahani. Jaribu wiki kama tatu, dada akiendelea na daftari lake, kisha rudisha kitu kimoja kimoja. Watu hawafanani, kuna anayekula yai moja kwa wiki akawa salama na kuna asiyeweza.

Nyingine za daktari ni vitamini B2 ambayo inakisaidia kile kimeng'enya kama hakijafa kabisa, mkaa wa dawa unaonasa hiyo trimethilamini tumboni, na antibayotiki za muda mfupi za kupunguza wale bakteria. Usijipangie mwenyewe, mkaa unanasa na dawa zako zingine, pamoja na vidonge vya uzazi.

Kuhusu sabuni sikiliza. Trimethilamini ni alkali, ikikutana na asidi kidogo inageuka chumvi isiyopaa na inaoshwa na maji. Kwa hiyo sabuni au losheni yenye pH (kipimo cha asidi na alkali) kati ya 5.5 na 6.5, imeandikwa kwenye chupa, inasaidia kuliko sabuni ya mche. Bekingi soda ni alkali, yaani ulikuwa unaisaidia harufu kutoka. Ndimu ni asidi ni kweli lakini ni kali mno kwa ngozi na ukitoka juani nayo inaunguza na kuacha madoa meusi, achana nayo.

Na kama vipimo vyote hivi vitarudi safi na daftari la dada litaonyesha ni kwapa zaidi, basi tunarudi kwenye mambo madogo ambayo hayahitaji maabara. Angalia nywele za kwapa karibu kabisa kwenye mwanga, kama zina kitu cha njano kimeganda kama nta kuzunguka unywele hao ni bakteria, zinanyolewa na dawa ya kupaka inamaliza. Deodoranti inafunika tu harufu, unachotaka ni ile ya kuzuia jasho yenye aluminiamu, na inapakwa usiku kwenye kwapa kavu, sio asubuhi ukitoka kuoga ngozi imelowa. Na zile nguo za poliesta ulizonazo muda mrefu hata zikifuliwa zinashika harufu, ukipata joto kidogo inaamka, zijaribu kwa kuziacha kando mwezi huo wa daftari.

SWALI: Habari dokta. Mwanangu ana miaka minne, nikimwogesha dakika tano tu ananuka vibaya, kama kitu kilichooza, nguo zote mpaka mto. Mama mkwe anasema ni minyoo. Alafu ana mafua yasiyoisha ya upande mmoja. Nimpe dawa gani?
Mama Wawili

JIBU: Mama Wawili, dawa ya minyoo kama muda wake umefika mpe, ila jibu umeshaliandika mwenyewe kwenye sentensi ya mwisho. Mafua ya upande mmoja kwa mtoto wa umri huo, mazito na yananuka, mpaka ithibitike vingine ni kitu amejiingiza puani. Punje ya maharage, ushanga, kipande cha sponji, nimeona vyote. Kinaoza mle ndani na harufu inaonekana kama inatoka mwili mzima kwa sababu anajipangusa kila mahali. Usichokoe na kijiti wala kibanio, utakisukuma ndani zaidi. Mpeleke akaangaliwe kwa tochi na mtu wa pua na masikio, mara nyingi kinatolewa palepale na harufu inaondoka. Kama kuna uwezekano ni ile betri ndogo ya mviringo ya saa au toi usisubiri kesho, inaunguza nyama ya pua ndani ya masaa.

Wazazi wengine mnaouliza kuhusu kikwapa kwa watoto, kikianza kwa msichana kabla ya miaka 8 au mvulana kabla ya 9 mpelekeni akaangaliwe homoni, mara nyingi haiwi jambo kubwa lakini inaangaliwa.

SWALI: Dokta mambo vipi. Niko jimu mwezi wa pili sasa, mazoezi yamekolea, nakunywa poda ya protini na vidonge vya karnitine vya kuchoma mafuta, na wanga nimeacha kabisa. Mke wangu anasema jasho langu limekuwa na shombo na mdomo unanukia kama rangi ya kucha. Nipime nini?
Kifua cha Chuma

JIBU: Kifua, usipime kitu kwanza. Acha hiyo karnitine wiki mbili, ni chakula kizuri sana cha bakteria wanaotengeneza trimethilamini na dozi za vidonge zinaweza kulizidi hata ini zima. Shombo likiondoka umeokoa pesa ya vidonge na ya maabara. Likibaki soma jibu la dada hapo juu na ukapime huo mkojo, kabla hujaanza kubana chakula. Huo mdomo wa rangi ya kucha ni asetoni, mwili usipopata wanga unachoma mafuta na hiyo inatoka na pumzi, rudisha wanga kidogo utaona tofauti. Ila hujaniambia kama una kisukari. Kama unacho, au una kiu isiyokwisha na unakojoa sana, na siku moja ukaanza kutapika au kuhema haraka na hiyo harufu ipo, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.